Jinsi vibao vinavyoongoza ndege ya rimoti: mwongozo kamili kuanzia mezani hadi angani

Ndege yangu ya tatu ilikaa angani sekunde zisizozidi nne. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimebadilisha sevo, kimota kidogo kilicho katikati ya bawa, kile kinachovuta vibao vya pande zote mbili kwa pamoja. Nikafunga skrubu, nikasukuma kijiti cha rimoti kulia na kushoto, nikaona vibao vinacheza, nikaenda kulala. Asubuhi ndege ilipoacha ardhi, bawa la kushoto liliinama kidogo, jambo la kawaida kabisa, nami nikasukuma kijiti kulia ili liinuke. Likainama zaidi. Nikasukuma zaidi. Kufumba na kufumbua ndege ilikuwa chali kwenye nyasi, pua imepasuka na propela imebaki jani moja. Sevo mpya ilikuwa inazunguka kinyume na ile ya zamani. Vibao vilicheza, ndiyo, ila kinyume.

Usiku ule nilijiuliza swali moja tu: kinacheza? Swali lililotakiwa ni jingine: kinaelekea wapi, na kikielekea huko ndege itafanya nini? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo la pili.

Neno moja kuhusu majina. Kibao cha mkia kinachoigeuza pua kushoto na kulia nitakiita usukani, kwa sababu rada kwa Kiswahili tayari ni mtambo wa kutambua vitu vilivyo mbali, na sitaki tuchanganyane. Eleveta, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua, na eleroni, vibao viwili vya kwenye mabawa, nitayaacha majina yake kama wengi wetu tunavyoyatamka.

Kibao kinaifanyia nini hewa

Kibao cha kuongozea ni sehemu ya nyuma ya bawa au ya mkia iliyoachanishwa na kushikizwa tena kwa bawaba ili iweze kuinama. Wengi hudhani kazi yake ni kukinga upepo: hewa inakigonga, ndege inasukumwa. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini kazi kubwa iko kwingine. Kibao kinapoinama, umbo la bawa lote lililo mbele yake linabadilika, mgongo unapinda zaidi au unanyooka. Bawa lililopinda zaidi linaielekeza hewa chini kwa nguvu zaidi, na hewa inayosukumwa chini hulisukuma bawa juu. Ndiyo maana kibao chembamba cha sentimita 3 kinaweza kulitawala bawa lenye upana wa sentimita 20.

Kanuni ya kushika ni fupi. Kibao kikishuka, sehemu iliyokibeba inapanda. Kikipanda, inashuka. Kikienda kulia, inakwenda kushoto. Daima ni kinyume, na kinyume hicho ndicho kinachowachanganya watu wakiwa wamesimama mbele ya meza.

Jambo la pili ni kasi. Nguvu ya kibao hufuata mraba wa kasi ya hewa: ndege ikipunguza mwendo kwa nusu, kibao kilekile kikiinama vilevile hubakiwa na robo tu ya nguvu yake. Ukikaribia kutua utahisi kijiti kimelegea, kama kimekatika, ilhali hakuna kilichoharibika. Mkia una afueni kidogo, kwa sababu kwenye ndege nyingi propela iko mbele na upepo wake unaupuliza mkia moja kwa moja. Ukiongeza mota kidogo, eleveta na usukani huamka papo hapo. Eleroni ziko mbali huko kwenye ncha za mabawa, upepo huo hauzifikii, kwa hiyo hutegemea mwendo wa ndege yenyewe.

Eleveta

Iko kwenye bawa dogo la mkia. Ukivuta kijiti kwako, eleveta inapanda, mkia unashuka, pua inainuka.

Jina lake linadanganya. Mtu akisikia eleveta anadhani hicho ndicho kitu cha kupandishia ndege. Kinachofanywa na eleveta ni kubadilisha pembe ambayo kwayo bawa kubwa linakutana na hewa. Mota ikiwa na nguvu ya ziada, pembe hiyo hugeuka kuwa kupanda. Mota ikiwa imechoka, unachopata ni pua iliyoinuka na ndege inayopunguza mwendo. Ukiendelea kuvuta, hufika mahali ambapo hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa, inaachana nao, na bawa linapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kunyanyua. Marubani huita hali hiyo stoli. Hapo kuvuta zaidi ni kumwaga mafuta kwenye moto. Dawa ni kulegeza kijiti, kuiacha pua ishuke, na kuongeza mota.

Kwa hiyo ukiwa chini na mwendo wa pole, fikiria hivi: eleveta ni ya kasi, mota ni ya kimo. Ndege ikielekea kugusa ardhi na kiwanja bado kiko mbele, ongeza mota. Vidole vitataka kuvuta. Vikatalie.

Eleroni

Ni vibao viwili kwenye mabawa, karibu na ncha, na hucheza kinyume: kimoja kikipanda kingine kinashuka. Ukisukuma kijiti kulia, eleroni ya kulia inapanda na kulishusha bawa lake, ya kushoto inashuka na kuliinua la kwake. Ndege inalalia kulia.

Hapa pana kiroja. Bawa lililoongezewa nguvu ya kunyanyua huongezewa pia ukinzani wa hewa. Bawa linalopanda linavutwa nyuma, na pua inageukia upande usiotakiwa: umeagiza kulia, ndege inalalia kulia huku pua ikichungulia kushoto. Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walikutana na tatizo hilohilo na ndege yao isiyo na injini ya mwaka 1902. Wao hawakutumia eleroni. Walilipindisha bawa zima kwa nyaya. Mwanzoni mapezi ya mkia yalikuwa hayasogei, na ndege iliwasumbua kwenye kona. Wakayabadilisha kuwa usukani unaosogea na kuuunganisha na nyaya za kupindisha bawa, tatizo likatulia, na utaratibu huo wakaingia nao kwenye ndege ya injini waliyoirusha Desemba 1903.

Kwenye ndege ya modeli tiba ni ileile, au nyingine rahisi zaidi: eleroni inayopanda ipewe mwendo mkubwa kuliko inayoshuka. Kwa mfano milimita 12 juu na 7 chini. Rimoti za kisasa hukuruhusu kupanga hivyo iwapo kila eleroni ina sevo yake. Ndege zenye mabawa marefu na mwendo wa pole ndizo zinazosumbuliwa zaidi. Ndege fupi ya michezo yenye kasi huenda usione lolote.

Usukani

Aliyewahi kushika usukani wa chombo cha baharini atadhani hapa yuko nyumbani. Chombo kina maji yanayoushika ubavu wake, kwa hiyo ukiigeuza omo, chombo chote kinafuata. Ndege ubavuni haina kitu cha namna hiyo. Ukisukuma usukani peke yake, pua inageuka, lakini ndege inaendelea kuteleza ilikokuwa ikienda, ubavu mbele, kama gari kwenye tope.

Hata hivyo zipo ndege za kujifunzia zisizo na eleroni kabisa, na zinakata kona vizuri. Siri iko kwenye mabawa: ncha zake zimeinuliwa kuliko katikati, ukiyatazama kwa mbele yana umbo la V pana. Ndege inapoanza kuteleza, bawa lililotangulia hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi na kuinuka, lile la nyuma hushuka, na ndege inalala. Usukani umefanya kazi ya eleroni kwa mlango wa nyuma. Ukimpokonya ndege huyo ile V ukaweka mabawa yaliyonyooka, usukani peke yake hautakufikisha popote. Nimewahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa sababu mabawa yaliyonyooka “yanapendeza”. Yalipendeza.

Bawa ndilo linalokata kona

Nyanyuo la bawa daima linaelekea juu ya mgongo wa ndege. Ndege ikiwa imenyooka, lote linapambana na uzito. Ikilala, sehemu ya nyanyuo hilo inaelekea pembeni, na sehemu hiyo ndiyo inayoivuta ndege kuzunguka. Vibao vyote vitatu ni wasaidizi. Kazi ni ya bawa.

Kwa vidole inakuwa hivi. Sukuma eleroni hadi ndege ilale digrii 30 hivi. Rudisha kijiti katikati, kwa sababu ukikiacha pale pale ndege itaendelea kulala hadi igeuke chali. Sasa vuta eleveta kidogo, maana nyanyuo limegawanyika na pua imeanza kuzama. Ongeza usukani kidogo upande huohuo wa kona kama mkia unaburura. Ukikaribia uelekeo unaoutaka, eleroni ya upande wa pili hadi mabawa yanyooke, na ulegeze eleveta.

Anayeanza kwa kawaida hufanya hatua ya kwanza na kusahau ya pili, au hufanya mbili za kwanza na kusahau kuvuta. La kwanza linaleta mzunguko wa ghafla kuelekea chini, la pili linaleta kona inayopoteza kimo bila kelele, mpaka unashtuka miti iko usawa wa macho.

Usilalie mno ukiwa chini. Kona ya digrii 45 isiyopoteza kimo inalibebesha bawa mara 1.41 ya uzito wa ndege. Ya digrii 60, mara 2. Kasi ambayo stoli hutokea nayo inapanda: kwa digrii 60 ni zaidi kwa asilimia 41. Ndiyo maana ndege nyingi huanguka kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, mwendo mdogo, kona kali, kijiti kimevutwa hadi tumboni.

Kazi ya mezani

Toa propela kwanza. Nasema hivyo kwa sababu utakuwa unasukuma vijiti, unabadilisha mipangilio, na kuna siku kidole kitagusa kijiti cha mota.

Hatua ya 1: bawaba. Shika kibao kwa vidole viwili ukiinamishe juu na chini hadi mwisho. Kiende laini, kirudi laini. Kama kinakataa au kinajirudisha chenyewe kwa nguvu, sevo itatumia umeme wote kupigana na bawaba. Kwenye ndege za povu, ambako bawaba ni povu lenyewe lililokandamizwa, kiinamishe na kukirudisha mara 20 au 30 hadi kilainike. Kivute pia kuelekea nyuma. Bawaba iliyogundishwa vibaya ni bora ing’oke mezani. Nafasi kati ya bawa na kibao iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, maana hewa ikipenya hapo kibao kinapungukiwa nguvu.

Hatua ya 2: iweke sevo katikati kabla ya kufunga mkono wake. Sevo ya kawaida inaletewa mapigo ya umeme takriban mara 50 kwa sekunde, na urefu wa pigo ndio unaoiambia isimame wapi: milisekunde 1.5 ni katikati, 1 ni upande mmoja, 2 ni upande wa pili. Washa rimoti, trimu zote (vile vitufe vidogo vya kusahihisha mahali kibao kinapokaa) katikati, vijiti katikati, kisha washa risiva, kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege. Sasa sevo iko katikati kweli. Hapo ndipo uvalishe mkono wake ukiwa digrii 90 na waya wa kusukuma. Meno ya sevo huenda yasikubali digrii 90 kamili. Chagua jino la karibu zaidi, na tofauti ndogo iliyobaki imalize kwenye mipangilio ya rimoti. Wengine hufunga mkono kwa kukisia na kuiachia rimoti isahihishe digrii 20 nzima. Matokeo yake kibao kinakwenda mbali upande mmoja na kuishia njiani upande wa pili.

Hatua ya 3: kipembe. Hiki ndicho kidude kinachosimama juu ya kibao na kushikwa na waya. Matundu yake yawe sawasawa juu ya mstari wa bawaba. Yakisogea nyuma au mbele, mwendo wa juu na wa chini hautalingana, nawe utamtafuta mchawi kwenye rimoti.

Hatua ya 4: tundu lipi? Tundu la nje kwenye mkono wa sevo linaongeza mwendo wa kibao; tundu la nje kwenye kipembe linaupunguza. Ukitaka mwendo mdogo, upate kwa matundu, tundu la ndani kwenye sevo na la nje kwenye kipembe, kuliko kuupunguza kwenye rimoti. Sevo itazunguka safari yake yote, kila digrii yake itahesabika, na kibao kitashikwa imara. Ukibana mwendo kwa rimoti hadi asilimia 40, umeilipia sevo nzima ukatumia chini ya nusu, na ulegevu wowote wa meno yake unaonekana mkubwa kwenye kibao.

Hatua ya 5: rekebisha urefu wa waya hadi kibao kilingane na bawa. Bandika rula chini ya bawa, itokeze nyuma, utazame kwa jicho moja. Trimu ya rimoti usiiguse, unaihitaji angani.

Hatua ya 6: mwelekeo. Simama nyuma ya ndege, pua iangalie mbele kama unavyoangalia wewe. Sema kwa sauti kila unachokiona. Kijiti cha eleroni kulia: kibao cha kulia juu, cha kushoto chini. Kijiti cha eleveta kwako: kibao juu. Kijiti cha usukani kulia: usukani kulia, na gurudumu linaloongozwa nalo lielekee kulia. Palipo kinyume, geuza mwelekeo kwenye rimoti. Kama eleroni zina sevo mbili na zote zinapanda pamoja, geuza mojawapo. Kumbuka kwamba vijiti hupangwa kwa namna mbalimbali: kwenye modi 2 eleveta na eleroni ziko mkono wa kulia, kwenye modi 1 eleveta iko kushoto. Ukiazimwa rimoti, uliza kwanza.

Kwenye ndege yangu ya sasa nimechora mshale mdogo kwa kalamu nyeusi juu ya bawa la kulia, kando ya eleroni, na neno moja: KULIA = JUU. Rafiki zangu hucheka. Nawaacha wacheke.

Hatua ya 7: mwendo wa vibao. Fuata kijitabu cha ndege yako. Kama hakipo, kwa ndege ya mafunzo yenye mabawa ya mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ncha hadi ncha, anza na milimita 10 hadi 12 kila upande kwa eleroni, hivyohivyo kwa eleveta, na 20 hadi 25 kwa usukani, ukipima kwenye ukingo wa nyuma wa kibao. Mwendo mkubwa unavutia mezani. Angani unaifanya ndege iruke kama kumbikumbi.

Hatua ya 8: ekspo. Huu ni mpangilio unaolegeza kijiti karibu na katikati bila kukipunguzia mwendo wa mwisho. Asilimia 20 hadi 30 kwa eleroni na eleveta inatosha kuanzia. Angalizo: kwenye rimoti nyingine kulegeza ni namba chanya, kwenye nyingine ni hasi, na ukikosea ndege inakuwa kali mara mbili. Usibahatishe. Sogeza kijiti kidogo huku ukitazama kibao, na ekspo ikiwa imewekwa kibao kisogee kidogo kuliko bila hiyo. Kama rimoti yako ina reti mbili, yaani viwango viwili vya mwendo wa vibao, weka reti ndogo kwenye swichi ya karibu na uanze nayo.

Hatua ya 9: mizani. Inaonekana haihusiani na vibao, kumbe inavihusu kuliko chochote. Betri ikiwa mahali pake, ibebe ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Kwa ndege ya kawaida yenye mabawa yasiyorudi nyuma, ikae sawa vidole vikiwa kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20 ni sentimita 5 hadi 6. Pua nzito inaifanya eleveta iwe butu. Mkia mzito unaifanya iwe wembe: milimita moja ya kijiti inageuka kuwa kuruka na kupiga mbizi, na hakuna ekspo itakayokuokoa. Ukishindwa kuamua, acha pua izidi kidogo.

Hatua ya 10: mawasiliano yakikatika. Panga risiva izime mota yenyewe. Ndege ikiwa imeshikwa na propela bado imetolewa, zima rimoti kwa makusudi utazame. Siku nyingine zote utaratibu ni huu: rimoti huwashwa kwanza, huzimwa mwisho.

Kiwanjani

Rudia hatua ya 6 kabla ya kila safari. Inachukua sekunde kumi. Kisha simama kuukabili upepo, maana kasi ya hewa juu ya bawa ndiyo inayohesabika na upepo wa mbele unakupa sehemu yake bure.

Safari ya kwanza ni ya trimu tu. Panda hadi kimo cha kukupa nafasi ya kukosea mara mbili, punguza mota hadi nusu au zaidi kidogo, nyoosha mabawa, achia vijiti kwa sekunde moja, utazame. Pua ikizama, bonyeza trimu ya eleveta kwako, mbofyo mmoja au miwili, halafu tazama tena. Ikipanda, mbele. Eleveta ikitulia ndipo uende kwenye eleroni. Usukani uache wa mwisho, na mara nyingi hutauhitaji. Trimu inayofaa mwendo mmoja haitafaa yote. Ndege ikipanda pua ukikoleza mota si lazima trimu iwe mbaya.

Baada ya kutua, tazama trimu zilipoishia. Kama eleveta ilihitaji nyingi juu, pua pengine ni nzito. Kipimo kizuri: siku ya pili, ukiwa juu sana, punguza mota, iache ndege izamie taratibu na uachie kijiti. Ikijiinua yenyewe kwa nguvu, pua ni nzito na ilikuwa imesimamishwa na eleveta. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito; vuta, tua, sogeza betri mbele. Ikijinyoosha polepole, umepatia. Kisha rekebisha nyaya ili vibao vikae hapo trimu zilipoviweka, na uzirudishe trimu katikati.

Ndege ikikujia, kulia kwako ni kushoto kwake, na hapa ndipo wengi tumezika ndege. Ujanja ninaoutumia hadi leo: tazama bawa lililoinama, sukuma kijiti upande huohuo unaoliona, kana kwamba unaweka gogo chini yake kulizuia lisianguke. Hufikirii kulia wala kushoto. Unaegemeza tu. Ndege ikikupa mgongo, ujanja huo uache.

Wakati wa kutua mwendo ni mdogo na eleroni zimelegea. Bawa likiinama sana ukiwa karibu na stoli, eleroni inayoshuka ili kuliinua inaliongezea bawa hilo pembe, na inaweza kulitumbukiza kwenye stoli badala ya kulinyanyua. Hapo usukani wa upande wa pili, eleveta iliyolegezwa na mota kidogo vinaaminika zaidi. Kwa upepo wa ubavuni, iache pua ielekee upepo kidogo unapokaribia, kisha iweke sawa na njia kwa usukani magurudumu yanapotaka kugusa.

Ndege zenye vibao vinavyofanya kazi mbili

Ndege iliyo bawa tupu, bila mkia, ina vibao viwili tu viitwavyo eleveni: vikipanda pamoja ni eleveta, vikipishana ni eleroni. Mkia wa umbo la V unachanganya eleveta na usukani kwa namna hiyohiyo. Eleroni zikishushwa zote mbili kidogo zinafanya kazi ya flapu, vibao vya kuongeza nyanyuo kwa mwendo wa pole. Uchanganyaji unafanywa na rimoti, wewe unasukuma vijiti vilevile. Kwenye meza pima kila kijiti peke yake, halafu viwili kwa pamoja hadi mwisho, maana sevo inayotii amri mbili kwa wakati mmoja inaweza kuishiwa nafasi na kugonga.

Sauti za kusikiliza

Sevo inayonguruma vijiti vikiwa katikati inasukumana na kitu: waya umepinda, bawaba ngumu, au kibao kimefika mwisho kabla yake. Sevo inayotetemeka bila kuguswa ina waya mbovu, meno yaliyolika au umeme hafifu.

Sauti ya kuogopa ni ile ya angani, mvumo wa ghafla kama nyuki ndani ya kopo ndege inapozamia kwa kasi. Ni kibao kinachopigapiga chenyewe, kwa sababu kuna ulegevu mahali, tundu lililopanuka, waya mwembamba unaopinda au klipu iliyochoka. Kinaweza kung’oa bawaba au kusaga sevo ndani ya muda mfupi sana. Ukiusikia, ondoa mota yote mara moja, inua pua kwa upole hadi mwendo upungue, tua moja kwa moja. Halafu shika kila kibao kwa vidole sevo ikiwa imewashwa, ukitikise. Kinachocheza bila mkono wa sevo kusogea ndicho hicho. Safari moja nilikuta tundu la kipembe limekuwa refu kama punje ya mchele. Nilihamisha klipu kwenye tundu jipya, nikarudisha mwendo kwa kubadilisha tundu la sevo, na mvumo haukurudi.